Fomu ya HELB Imeshatumwa na Ina Kosa? Rekebisha Kabla Pesa Hazijatoka

Kila msimu wa kujiunga na vyuo, saiba za mjini Isiolo hujaa. Vijana wanatoka Merti, Garbatulla, Kinna na Oldonyiro, na wengi wana siku moja tu mjini kabla ya gari la kurudi. Fomu ya ufadhili na mkopo inajazwa haraka haraka, inatumwa, kila mtu anaenda zake. Kosa linakuja kuonekana baadaye: jina halifanani na la kitambulisho, nambari ya simu imekosewa tarakimu moja, au mtoto wa mfugaji amewekwa bendi moja na mtoto wa mtu mwenye mshahara mnono.

Je, ikishatumwa ndiyo basi? Hapana. Kosa linaweza kurekebishwa, lakini ni lazima akaunti na laini ziwe mikononi mwako. Hapo ndipo wengi hukwama.

Akaunti ni ya nani?

Hebu jiulize: barua pepe iliyotumika kufungua akaunti ni yako? Neno la siri unalijua? Mara nyingi mhudumu wa saiba hutumia barua pepe yake mwenyewe ili kazi iende mbio. Si lazima awe na nia mbaya. Lakini ujumbe wa kukuambia kuna stakabadhi inakosekana utaenda kwake, sio kwako, na Merti sio mahali pa kutoka na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Kama bado uko mjini, rudi pale pale leo. Omba barua pepe ibadilishwe iwe yako, weka neno jipya la siri wewe mwenyewe, halafu ondoka ukiwa na nakala ya fomu uliyotuma. Usifungue akaunti ya pili ili uanze upya. Mtu mmoja mwenye akaunti mbili anaongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Kosa lako ni la aina gani?

Kuna makosa ya kuandika: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya mtihani wa KCSE, simu, jina la chuo. Haya hayahitaji hadithi ndefu. Ingia kwenye akaunti yako uone kama sehemu hiyo inakubali kubadilishwa. Ikikataa, waandikie HELB kupitia njia zilizo kwenye tovuti yao rasmi, au nenda Huduma Centre mjini Isiolo uulizie huduma za HELB. Beba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE na barua ya chuo. Kama jina la cheti na la kitambulisho yanatofautiana, sema mapema.

Kosa la pili ni zito zaidi: fomu haionyeshi hali halisi ya nyumbani. Katika mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023, mwanafunzi hupimwa kulingana na uwezo wa familia. Mwaka 2024 wanafunzi walipangwa katika bendi 5. Familia ya bendi ya 1 ilitarajiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, na ya bendi ya 4 asilimia 30. Tuseme kozi ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Wa bendi ya 1 analipa 10,000, wa bendi ya 4 analipa 60,000. Hiyo tofauti ya 50,000 inaweza kuamua kama kijana ataripoti chuoni au atabaki nyumbani.

Dawa ya hapa ni rufaa, na rufaa inasimama kwa ushahidi. Huku kwetu mali ya familia hutembea kwa miguu minne. Mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, na mzee aliyekuwa na ng'ombe wengi alibaki na wachache au bila hata mmoja. Kama fomu ilijazwa kwa kumbukumbu ya zizi la zamani, eleza lililobaki leo. Pata barua ya chifu inayotaja hali hiyo waziwazi. Ambatisha cheti cha kifo kama mzazi amefariki, stakabadhi za hospitali kama kuna mgonjwa, na barua za shule za ndugu zako wanaolipiwa karo. Kama ulisoma sekondari kwa basari, barua ya basari pia inasaidia.

Usipunguze wala kuongeza chochote. Kudanganya kwenye fomu ni kosa la kisheria. Fuata pia tarehe za msimu wako, kwa sababu mfumo huu umefikishwa mahakamani na taratibu zimekuwa zikibadilika.

Laini iwe kwa jina lako

Pesa za kujikimu hutumwa kwa mwanafunzi mwenyewe, na simu ni mojawapo ya njia zinazotumika. Vijana wengi hapa wana laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha binamu au mama, kwa sababu walipoanza kutumia simu hawakuwa na kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani huku kaskazini walipitia uhakiki wa ziada kabla ya kupata kitambulisho, hadi rais alipoagiza Februari 2025 uondolewe.

Ukishapata kitambulisho, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa nambari yako. Kama unayotumia haimo, nenda kwa duka la mtandao wako usajili laini kwa jina lako, kisha ubadilishe nambari kwenye akaunti ya HELB kabla pesa hazijatoka. Zikishaingia kwa laini ya mtu mwingine, unabaki kutegemea utu wake.

Hakuna ada ya "kubadilishiwa bendi"

Msimu wa rufaa ni msimu wa matapeli pia. Mtu atakupigia akijua jina lako na chuo chako, aseme ana mtu wa ndani, utume elfu mbili tu bendi ishuke. Mwingine atataka PIN au ile nambari ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako "ili pesa zifike". Kata simu. Rufaa hailipiwi kwa mtu, na sisi hatutakuuliza PIN yako hata siku moja. Unachoweza kulipa ni muda wa saiba na kuchapisha karatasi, basi.

Kabla ya kupanda gari la kurudi nyumbani, hakikisha una vitu vitatu: neno lako la siri, nakala ya fomu, na laini yenye jina lako. Hata rufaa ikichukua muda, jibu litakufikia wewe.