Mazoezi Peke Yake Hayatoshi Kupunguza Uzito



Katika viwanda na mashamba tunayotembelea, swali moja tunaulizwa mara kwa mara, hasa na madereva na akina mama wa zamu ya usiku. Mfanyakazi amepimwa zahanati, ameambiwa presha imepanda na uzito umezidi, afanye mazoezi. Ametii. Ametembea kwa miguu miezi mitatu, na mizani haikushuka. Kisha msimamizi anamcheka kwamba ni mvivu na anapenda kula.

Jibu letu ni kwamba mfanyakazi huyo si mvivu. Ushauri aliopewa ulikuwa nusu tu. Hapa tunaeleza nusu iliyobaki.

HESABU YA NGUVU

Chakula huupa mwili nguvu, na nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Ile inayozidi mahitaji ya mwili huwekwa akiba, na akiba hiyo ndiyo mafuta. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita 1 hutumia kalori kama 35 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa ameketi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, yaani gramu 4, kina kalori 16.

Sasa tupige hesabu. Anayekunywa vikombe 3 vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko 4, amekunywa kalori 190 hivi za sukari tupu. Kuzimaliza kwa miguu itampasa atembee zaidi ya kilomita 5. Chai huteremka kwa dakika tano, lakini kilomita 5 na zaidi ni saa nzima au kupita, tena baada ya zamu. Mafuta ya kupikia nayo, kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, na ndani ya chapati au maandazi hayaonekani kwa macho.

MWILI NAO HUBANA MATUMIZI

Mwaka 2012 wataalamu, akiwemo Herman Pontzer wa Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa jirani zetu wa Tanzania. Waliwapima Wahadza wazima 30 wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Watu hawa huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walitembea kiasi cha kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Walinyweshwa maji maalumu ya kupimia, kisha mkojo wao ukapimwa, ili ijulikane wanatumia kalori ngapi.

Ilitazamiwa kwamba watawapita kwa mbali watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini na ndani ya magari. Haikuwa hivyo. Ukubwa wa miili ulipozingatiwa, matumizi ya siku nzima yalikuwa karibu sawa.

Pontzer anaeleza kwamba mwili hufanya kama mama mwenye nyumba wakati mshahara hautoshi. Akilipa zaidi upande mmoja, hubana upande mwingine. Ukitembea zaidi, mwili hupunguza matumizi mengine ya ndani. Isitoshe, mtu aliyechoka hukaa zaidi jioni, na wengi huona njaa zaidi. Wengine hujipongeza kwa soda, na soda moja yaweza kurudisha yote yaliyotumika njiani.

Usingizi nao una sehemu yake. Asiyelala vya kutosha huona njaa zaidi, na hutamani vitu vitamu na vya mafuta. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anajua jambo hili bila kufundishwa.

MSIACHE MAZOEZI

Hatusemi mazoezi ni bure. Mazoezi hushusha presha, huimarisha moyo na husaidia mwili kutumia sukari vizuri, hata kama mizani haikusogea. Aliyekwisha kupungua, mazoezi humsaidia asirudi alikotoka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Lakini uzito hushuka zaidi kwa kurekebisha kinachoingia kinywani.

LA KUFANYA

Kila mmoja wetu aanze na sukari. Shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, yaani kama vijiko 12 vya chai. Vile vikombe 3 tulivyotaja vimekwisha kufika hapo kabla ya soda wala maandazi. Punguza kijiko kimoja kimoja, ulimi utazoea. Ongeza maharagwe na mboga, punguza vya kukaangwa. Wala hatusemi mtu ashinde njaa. Anayekata miwa au kuchuma chai kutwa anahitaji kula akashiba.

Lakini ndugu, mfanyakazi hali anachotaka, hula kinachouzwa getini na kinachopikwa kantini. Kama chai inatoka jikoni imekwisha kutiwa sukari, atapunguzaje? Kama saa nane za usiku kuna maandazi na soda tu, atachagua nini? Kwa hiyo kamati za wafanyakazi zipeleke mambo haya mezani kwa mwajiri: sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie mwenyewe, kuwe na maji safi ya kunywa mahali pa kazi, zamu ya usiku ipate chakula kilichopikwa, chenye maharagwe na mboga, zamu zisibadilishwe kwa ghafla hata watu wakose usingizi, na presha na sukari zipimwe bila malipo.

Mwajiri anayemwambia mfanyakazi akimbie, huku kantini yake ikiuza maandazi na soda peke yake, hajatimiza wajibu wake. Tumwambie hivyo kwa adabu, na tumwambie kwa pamoja.

Umoja ni nguvu.