Je, Wajua? Motoka Imetoka Mbali

Je, wajua kwamba motoka, neno linalosikika Makomeno kama mitaa mingine ya Lubumbashi, ni la Kiingereza, ingawa mji huu ulitawaliwa na Wabelgiji? Chimbuko lake ni "motor car".

Je, wajua kwamba hata Waingereza waliyaazima maneno hayo mawili? "Motor" ni Kilatini: kinachosukuma kingine kiende. "Car" lilianza kwa Wagalia wa kale, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, likitaja gari la kukokotwa. Warumi wakalichukua, Wanormandi wakalivusha bahari. Karl Benz aliomba hataza ya gari lake la petroli mwaka 1886. Maneno hayo mawili yaliunganishwa miaka ya 1890 kulitaja gari la namna hiyo.

Je, wajua Kiingereza kilipitia wapi kuingia Katanga, eneo la Kongo lenye mji wa Lubumbashi? Kwa reli. Njia ya kutoka kusini, iliyoungana na Cape Town, ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mji ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na mtaji wa Waingereza pia, na vibarua wake wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo. Kiswahili cha mji kimelelewa na watu hao wa kazi, na wanastahili heshima ya watunga kamusi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hichohicho historia ya mji kwa niaba ya "maboyi", watumishi wa majumbani. Hilo nalo ni neno la Kiingereza.

Waganda husema mmotoka, Wakenya motokaa, Kilingala motuka. Gari la Watanzania? Limetoka India.

Je, wajua kwamba madigadi ni "mudguard"? Sikio la Mswahili lilisikia "ma-" ya wingi, likazaa umoja: digadi moja, madigadi mawili. Vivyo hivyo "keep left", amri ya kibao cha barabarani, imekuwa kipilefti, yaani mzunguko wa barabara, na vikiwa viwili ni vipilefti. Sarufi imefanya kazi yake bila kumuuliza mtu.

Lakini kipilefti hakiwezi kuvuka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Dereva wa lori anayetoka Zambia huendesha kushoto. Akiingia Kongo hushika kulia, na mzunguko wa barabara Lubumbashi huitwa kwa Kifaransa: rond-point.