Mtoto mmoja, majina matatu

Mama mmoja anayeuza dagaa wa Kigoma aliingia ofisini kwangu na stakabadhi ya ada mkononi. Binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani asubuhi ile, eti hajalipa. Stakabadhi ilikuwa halali na muhuri ulikuwa wetu. Tulipofungua kompyuta, kumbe mtoto yule alikuwa na majina matatu: kwa mhasibu jina la Kirundi peke yake, kwa mwalimu wa taaluma jina la ubatizo pamoja na la baba, na stoo ya vitabu waliandika kama masikio yao yalivyosikia.

Sikushangaa. Mimi nilisomea ukimbizini, Ulyankulu, Tabora, ambako mtoto huitwa kwa jina la baba yake. Kwetu Burundi mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasilingane hata jina moja. Niliporudi mwaka 2008, cheti changu cha shule na kitambulisho changu vilitaja watu wawili. Wengi tuliorudi tumelionja hilo.

Chanzo cha yote kilikuwa nakala. Kila Septemba idara zilichukua orodha ya wanafunzi, kisha kila moja ikasahihisha ya kwake. Kufikia Desemba hakuna aliyejua ipi ndiyo ya kweli.

Tukaamua orodha kuu iwe moja, idara nyingine ziisome tu bila kuinakili. Tunatumia Google Sheets. Mhasibu anafungua jedwali lake, anaandika fomula iitwayo IMPORTRANGE yenye anwani ya orodha kuu na safu anazozitaka, anabonyeza ruhusa mara moja, na majina yanakuja yenyewe. Jina likisahihishwa kwenye orodha kuu, linabadilika na kwake. Yeye hawezi kulibadilisha kutoka upande wake. Na kila mtoto tumempa namba, kwa sababu jina hubadilika lakini namba haibadiliki. Ada inafungwa kwenye namba.

Hapo ndugu msomaji, kuna mtego. Ruhusa ile haiishii kwenye safu mbili ulizoomba. Ukishaitoa, kila mwenye uwezo wa kuhariri jedwali lile la mhasibu anaweza kuvuta chochote kilichomo ndani ya faili la orodha kuu, hata namba za simu za wazazi na maelezo ya afya. Sisi tulichelewa kuligundua. Sasa mambo ya siri yana faili lake mbali, na orodha kuu ina namba, jina na darasa, basi.

Ofisi kubwa zinazotumia SharePoint hufanya jambo hilo kwa njia nyingine. Orodha huwekwa kwenye tovuti ya juu, na idara zilizo chini yake hupewa safu inayochagua kutoka humo. Lakini safu hiyo haivuki kwenda kwenye mkusanyiko mwingine wa tovuti, kwa hiyo wanaojenga wapange mapema nani akae chini ya nani.

Wafanyabiashara wa mpakani wanaweza kudhani haya ni ya walimu. Wakumbuke hati rahisi ya uasili wa bidhaa ya Afrika Mashariki, ile ya mzigo usiozidi dola 2,000. Bidhaa lazima iwe kwenye orodha ya pamoja. Dawati moja likishika orodha mpya na jingine nakala ya zamani iliyobandikwa ukutani, anayelala na mzigo wake nje si ofisa.

Kwetu kazi ya kusahihisha majina amepewa mtu mmoja, mwalimu wa taaluma, na msaidizi wake akiugua. Wengine walinung'unika, hasa mhasibu, aliyezoea kujirekebishia.

Yule binti alirudi darasani siku ileile. Jina lake tuliliandika upya mama akiwa amesimama nyuma ya kiti, akitutajia herufi moja moja.