Asiyefika tizi huulizwa

Jimu nyingi za mitaani Dar es Salaam hazina cha kumsimamisha mpita njia. Ni chumba cha juu ya fremu za maduka, sakafu ya saruji iliyotandikwa mikeka ya mpira, feni mbili, kioo upande mmoja, na vyuma ambavyo vingine vimechomelewa na fundi wa mtaa huohuo. Lakini fika saa 12 jioni. Utamkuta mama ntilie aliyekwisha kufunga biashara, dereva wa bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu aliyeambiwa na daktari kwamba sukari imepanda, na mabinti wanaojiandaa na sendofu. Spika ikiwashwa, wote wanajipanga mistari na kocha anaanza kuhesabu.

Nahudhuria darasa la namna hii Kinondoni, na ninaamini jambo moja: kinachombadilisha mtu pale ni wenzake wa kulia na kushoto. Mashine hata nyumbani unaweza kuwa nayo. Wengi wanazo, zimegeuka kuwa za kuanikia nguo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walilipima jambo hili mwaka 2009. Walichukua wapiga makasia 12 wa chuo hicho, wakawafanyisha mazoezi ya dakika 45 kwenye mashine, mara wakiwa peke yao, mara wakiwa pamoja kwa mwendo mmoja. Baada ya hapo walipima ni kiasi gani cha maumivu kila mmoja anaweza kuvumilia. Nguvu waliyotumia ilikuwa karibu ileile, lakini walipopiga kasia pamoja walistahimili maumivu zaidi. Watafiti walihusisha tofauti hiyo na endofini, kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza na ambayo hutuliza maumivu.

Aliyesoma shule zetu hahitaji kwenda Oxford kulijua hilo. Mchakamchaka wa alfajiri ulitukimbiza umbali ambao hakuna mtoto angeukimbia peke yake. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, miguu inatua pamoja, na aliyechoka anabebwa na sauti za wenzake. Darasa la jimu limerithi kitu hichohicho. Kocha anapoita "nane za mwisho!" na ukumbi mzima ukaitikia kwa kuhesabu, mtu aliyekuwa ameshakata tamaa kwenye ya tano anamaliza zote.

Halafu kuna kuulizwa. Ukikosa siku mbili, simu inaita: "Dada, vipi, mgonjwa?" Ukirudi unakuta nafasi yako mstari wa pili haijachukuliwa na mtu. Nimeona watu waliolipia jimu kubwa za mjini wakaacha baada ya wiki chache, kwa sababu hakuna aliyejua kama wamekuja au hawakuja. Kwa maoni yangu, kuulizwa huko kuna thamani kuliko kiyoyozi.

Pamoja na hayo, darasa bila kocha makini linaweza kuumiza. Kocha wetu anapopokea mgeni hamchanganyi moja kwa moja na wakongwe. Anavuta kiti cha plastiki, anakiweka nyuma yake. "Mama, shuka taratibu kama unataka kukaa. Makalio yakigusa kiti, inuka. Visigino visiachie sakafu." Mama anashuka, magoti yanataka kuingia ndani, kocha anapiga magoti mbele yake na kumwonyesha kwa kiganja yaelekee wapi. Zoezi linarudiwa mpaka mwili uzoee njia. Wiki zinazofuata kiti kinaondolewa, na yule mama anachuchumaa na kuinuka pamoja na wenzake. Niliwahi kuingia darasa jingine ambako wageni na wazoefu walirukishwa kwa kasi moja, na hakuna aliyeuliza nani ana presha au nani amejifungua karibuni. Hilo si jambo la kufumbia macho, kwa kuwa jimu zinafunguliwa kila kona na yeyote mwenye misuli anaweza kujiita kocha.

Mgeni aambiwe pia habari za siku ya pili. Mapaja yatauma, kushuka ngazi itakuwa kazi, na maumivu hayo huwa makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yanaisha. Ni misuli inayojijenga baada ya kazi isiyoizoea. Wengi huacha hapohapo wakidhani wameumia. Maumivu makali ya kiungo au ya kifua ni suala jingine, hayo ni ya hospitali.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Vipindi vitatu vya dakika 50 vinatosha kufikisha hesabu hiyo, na kocha anayejua kazi huchanganya kuruka na kunyanyua. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Ilikuwa hatua njema, ila mwili hauwezi kusubiri mwezi. Siku zilizobaki zinabebwa na vikundi vya mtaani.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada ya mwezi, lipia siku moja tu. Simama nyuma, tazama. Je, kocha anazunguka kurekebisha watu, au anajitazama kwenye kioo? Kuna maji ya kunywa na mapumziko ya kuyanywa, hasa Januari na Februari joto linapokolea? Waliozidi miaka 50 wapo, na wanapewa zoezi linalowafaa? Ukimaliza, kaa kidogo mlangoni wakati watu wanabadilisha raba. Kama kuna anayekuuliza unakaa mtaa gani na kama kesho utakuja, lipia mwezi.