Muhogo mutamu, muhogo muchungu: macho peke yake hayatoshi

Asubuhi, mbele jua halijakuwa kali, moto zinaondoka Bunia na mifuko ya unga wa muhogo nyuma ya dereva. Nyingine zinashika barabara ya Mongbwalu, nyingine Komanda na Mambasa, mpaka kwenye carrières. Magaribi ule unga umekwisha kuwa fufu kwenye sahani ya mutu aliyeshinda ndani ya shimo. Hakuna anayeuliza umetoka kwa muhogo wa aina gani. Bei ndiyo inaulizwa.

Leo tuulize hilo swali lenyewe, juu jibu lake si rahisi. Wataalamu wa mimea walihangaika nalo karibu miaka 150, na kwa mutu anayekula fufu mara mbili kwa siku si swali la vitabu tu.

Kila mama anayelima hapa Ituri anajua kama kuna mihogo ya namna mbili. Mutamu unaweza kuung'oa, kuuchemsha na kuula siku ileile. Muchungu lazima kwanza ulale mu maji. Ukimuuliza mama anaitambua namna gani, atakupeleka shambani akuonyeshe: huu majani yake ya juu ni mekundu kidogo, ule kikonyo chake ni kijani, huu ngozi ya mzizi ni nyeupe, ule ni ya kahawia. Hajakosea. Wataalamu wanafanya vilevile. Wanapoorodhesha aina za muhogo wanaandika rangi ya jani changa la juu kabisa, jani lina vidole ngapi, rangi ya kikonyo, rangi ya shina, ngozi ya nje ya mzizi, na nyama ya ndani kama ni nyeupe ao ya manjano. Hizo ni alama za mwili, kila mwenye macho anaweza kuzisoma.

Kwa alama hizo za mwili ndipo mabishano yalianza. Muhogo si mmea wa kwetu. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta mpaka pwani ya Kongo katika karne ya 16, ukapanda polepole mpaka huku mashariki. Mwaka 1766 mtaalamu mmoja aliyefundisha Vienna, jina lake Crantz, aliupa jina la kisayansi: Manihot esculenta. Mwaka 1827 mwenzake Pohl, aliyekuwa ametembea sana Brazil, akaona haifai kuweka mutamu na muchungu mu jina moja. Akafanya mbili: muchungu akauita Manihot utilissima, mutamu Manihot aipi. Lile jina la utilissima likakaa. Hata vitabu vya kilimo vya wakati wa Wabelgiji humu Kongo viliandika vile.

Shida ni kwamba hakuna aliyeweza kuonyesha alama moja ya mwili inayofuata uchungu kila fasi. Mu kijiji kimoja kikonyo chekundu ni cha muhogo mutamu, ukivuka mto ni cha muchungu. Majani mapana, majani membamba, shina refu, shina fupi: vyote unavipata pande zote mbili. Mwaka 1973 Rogers na Appan walitoa kitabu kikubwa juu ya ukoo wote wa Manihot, ukoo wenye aina 98 kwa hesabu yao, na mutamu na muchungu wakauweka tena mu aina moja. Crantz akashinda. Kwa mwili ni mmea mmoja.

Lakini ndani si kitu kimoja, na hapo ndipo inatubidi kuacha macho na kushika kemia. Ndani ya mzizi wa muhogo, kila muhogo, kuna kitu kinaitwa linamarini. Chenyewe kimetulia, kinakaa ndani ya vijumba vidogo vya mmea. Mu ukuta wa vijumba hivyo kunakaa kitu kingine, linamarasi. Muhogo ukiwa mzima hivyo viwili havionani. Ukiukata, ukiuponda, panya akiutafuna, ao ukiuloweka mpaka ulainike, ukuta unavunjika, vinakutana, na kutoka hapo inazaliwa sianidi. Ndiyo, ile sianidi ambayo viwanda vikubwa vya zahabu vinatumia kuyeyusha zahabu kutoka kwa mawe. Wenye kuchimba wanaijua vizuri kama si kitu cha kuchezea.

Basi wataalamu wakaacha kuuliza "ni mutamu ao ni muchungu?" wakauliza "kuna sianidi ngapi?" Kipimo kilichokubalika tangu 1954 kinasema hivi: mzizi mbichi wenye chini ya miligramu 50 kwa kilo moja hauna hatari kubwa, kati ya 50 na 100 ni wa kuangalia, juu ya 100 ni hatari. Mnaona? Si masanduku mawili, ni ngazi. Muhogo mutamu nao una sumu, ila iko kidogo. Tena ule ule mmoja unaweza kupanda ngazi: mwaka wa ukame sumu inaongezeka, hata kwa aina ambayo mama yako alikuwa anakuchomea bila wasiwasi. Na ulimi? Ulimi unasaidia, lakini uchungu na sumu havitembei pamoja kila mara. Kutafuna ili kujaribu si kipimo.

Mutu anaweza kuuliza: kwa nini basi watu wanaendelea kupanda muchungu? Juu unazaa sana, unaweza kukaa mu udongo muda mrefu bila kung'olewa, na nyani na nguruwe wa pori wanauogopa. Mwizi pia. Mu nchi ambamo kila mwenye bunduki anapita shambani akiwa na njaa, muhogo usioweza kuliwa palepale ni akiba nzuri. Tusicheke wanaoupanda.

Kuna mmea mwingine ambao macho yanasaidia zaidi, na tunautaja kwa ajili ya wale wanaochimba ndani ya pori upande wa Mambasa. Ni kiazi kikuu cha pori, igname. Wambuti wanakula aina nyingi na wanazijua moja moja. Mgeni aliyekuja kutafuta zahabu hazijui, na chakula kikikosekana anaanza kuchimbua chochote. Wataalamu wanagawanya igname kwa alama moja ya mwili ambayo hata mtoto anaweza kuiona: kamba yake inajizungusha kwa mti upande gani. Igname nyingi nzuri za kuliwa, pamoja na za shambani, zinajizungusha kwa kuume. Ile inayoitwa Dioscorea dumetorum inajizungusha kwa kushoto, tena jani lake limegawanyika mara tatu, kama majani ya maharage. Ya pori ina sumu inaitwa dioskorini, inayoshika mishipa na inaweza kulemaza mutu. Lakini ile ile dumetorum, iliyolimwa na kuchaguliwa na watu kwa miaka mingi, huko Kamerun na Nijeria inapikwa na kuliwa. Mwili mmoja, jina moja, ndani tofauti. Kama vile muhogo. Kwa hiyo ukiona majani matatu-matatu juu ya kamba ya kushoto, acha, mpaka mwenyeji wa pori aseme. Na usiseme kama kila ya kushoto ni mbaya ao kila ya kuume ni nzuri. Upande wa kamba unakupa ukoo, haukupi ruhusa ya kula.

Ukibishana na mwenzako juu ya jina la mmea, mutu wa kukata maneno ni yule mwenye mimea mikavu, iliyobandikwa juu ya karatasi na kuandikwa imeokotwa wapi na lini. Kongo tunazo kubwa, kama ile ya Yangambi. Na hapa kwetu Ituri kulikuwa moja Epulu, ndani ya Réserve ya Okapi. Wakati wa vita Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea wa pale, alibaki wakati wengi walikimbia. Akaficha mimea mikavu, mashine na daftari za utafiti, yeye mwenyewe akajificha porini kwa miezi. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman huko Marekani juu ya kazi hiyo. Watu wengine walificha pesa, yeye alificha majani. Bila majani yale, mengi ya majina ya miti ya pori letu yangebaki mu kichwa cha watu wachache tu.

Turudi kwa muhogo, juu huo ndio unaliwa kila siku.

Elimu ya mama tuliyemsifu pale juu ina mpaka wake: inashika fasi moja. Anajua mihogo ya shamba lake, ya mama yake, ya bibi yake. Tangu mwisho wa 2017 watu wa Djugu wamekimbia mara nyingi, wengi wanaishi mu kambi hapa Bunia na pembeni. Aliyekimbia usiku hakubeba vipande vya muhogo vya kupanda. Alipopata kashamba alipewa vipande na jirani, ao aliokota. Mmea umefika bila jina lake, ao umefika na jina la lugha nyingine ambayo haieleze kitu kwake. Kikonyo chekundu alichokiamini kule hakina maana ileile hapa. Na mizizi ikikomaa haraka inauzwa, juu kambini pesa inahitajika leo.

Kule Kwango, upande mwingine wa nchi, wanajua hii inaishia wapi. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa ambao Wayaka wanauita konzo, ni kusema miguu iliyofungwa. Mutu analala mzima, asubuhi anaamka na miguu migumu, haikunjike. Haiponi. Inashika zaidi watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa. Watu walifikiri uchawi. Mwaka 1992 watafiti, akiwemo Mkongomani Banea, walieleza sababu moja wazi kabisa. Barabara ya Kinshasa ilipotengenezwa, muhogo ukawa biashara, magari yanangoja. Akina mama waliokuwa wanaloweka siku tatu wakaanza kuloweka siku moja. Kosete zinaonekana nyeupe, nzuri, bei ileile. Kwa macho hakuna tofauti.

Hatuandiki haya ili kusema konzo imeingia mu carrières zetu. Tunaandika juu hali inafanana: mnunuzi anayeharakisha, muuzaji anayeharakisha, na barabara katikati. Tena mwili unaitoa sianidi kwa msaada wa chakula kama maharage, samaki, nyama, mayai. Anayekula fufu na sombe tu, wiki kwa wiki, mwili wake hauna silaha. Mchimbaji ambaye PDG wake hajalipa anaishi vile kabisa, na watoto wake pia. Kuhusu sombe yenyewe, kinu kinafanya kazi nzuri: kuponda kunavunja ule ukuta, halafu moto wa muda mrefu unafukuza kilichobaki. Sombe iliyopondwa nusu-nusu na kupikwa haraka ni jambo lingine.

Kwa mizizi michungu, siku tatu mu maji halafu kukausha inaondoa karibu yote. Kukausha mizizi kwa jua bila kuloweka inaacha sehemu kubwa. Kurundika mpaka ukungu uote, halafu kukwangua, kama wengine wanavyofanya, ni bora kuliko jua peke yake lakini haifikii maji. Kipimo cha afya ya dunia kwa unga ni miligramu 10 kwa kilo, na kuna karatasi ya manjano ya kupimia: inafungiwa mu kachupa pamoja na unga, na kama sumu iko inageuka kahawia. Ni kitu cha bei ndogo. Tungefurahi kuiona siku moja mu masoko yetu, pale mifuko inapopakiwa kwa moto.

Mbele hiyo siku haijafika, ukinunua unga usiojua ulilala mu maji siku ngapi, fanya hivi. Njia hii ilitengenezwa na Mwaustralia Bradbury, na akina mama wa Kwango wanaitumia. Tia unga mukavu mu bakuli, usawazishe, weka alama ndani mahali unga unafika. Tia maji kidogo kidogo ukichanganya. Kwanza unga utashuka, halafu utapanda. Ukifika tena kwa ile alama, acha maji. Tandaza unga huo mubichi juu ya mkeka ao sahani kubwa, usipite unene wa sentimita moja. Ngoja saa mbili kwa jua, ao saa tano kwa kivuli. Sianidi inaruka na hewa. Halafu songa fufu siku ileile, usiulaze.

Mutu akipata kizunguzungu, kichwa kikali na kutapika muda mfupi baada ya kula muhogo, apelekwe centre de santé mara moja, na mwambieni munganga alikula nini. Wengi wanasema malaria, wanapewa dawa ya malaria. Na sokoni, mbele ya kuuliza bei, muulize mama: "Mama, hii ilikaa mu maji siku ngapi?" Mwenye unga mzuri hakasiriki.