Fahamu: Mmea mmoja, dawa mbili

Mama wa Madaba, Tanzania, akitoka zahanati na dawa mseto ya malaria, hupewa masharti: mtoto ameze dozi ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni hadi siku 3 zitimie. Masharti hayo yametokana na majaribio kwa wagonjwa. Asili ya sehemu moja ya dawa hiyo ni mmea wa artemisia.

Mei 2020, Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania wakati huo, Palamagamba Kabudi, alifuata Madagaska kinywaji cha artemisia hiyohiyo, kilichonadiwa na Rais wa huko wakati huo, Andry Rajoelina, kuwa tiba ya korona. Kilibebwa na sauti ya rais kabla ya ushahidi. Inauma, maana anayekunywa ni mgonjwa.

Ushahidi hupima hata dawa iliyokwisha kubaliwa: klorokwini nayo ilikuwa dawa ya serikali ya kutibu malaria. Mwaka 2001 iliondolewa, kwa kuwa wagonjwa wengi hawakuwa wakipona.