MIDOMO YA KUNUNUA

Katika zama za ukoloni picha ya Mwafrika iliyochorwa katika magazeti ya Ulaya ilikuwa na alama moja isiyokosekana, nayo ni midomo minene. Mchoraji aliyetaka kutucheka aliichora midomo kwanza, kisha uso ukafuata. Leo wajukuu wa wachoraji hao wanalipa fedha nyingi ili wapate midomo ileile, nao huipata kwa sindano. Lingekuwa jambo la kuchekesha tu, kama sindano hiyo isingalivuka bahari ikaja kuuzwa kwetu sisi wenye midomo.

Saluni za Pasua, hapa Moshi, ni mahali pa heshima. Ndani yake akina dada husukwa nywele, huzungumza habari za ndoa na ada za shule, na siku hizi huonyeshana picha katika simu: uso wa msanii huyu kabla ya sindano, na uso wake baada ya sindano. Hatusemi kwamba saluni hizo zadunga watu. Twasema kwamba hamu ya jambo huanza kwa picha, na mwenye sindano hayuko mbali nyuma ya picha. Huduma hii tayari yauzwa Dar es Salaam na Nairobi, nayo barabara ya kuja Moshi ni ya lami.

Wala tusijidanganye kwamba kupamba mdomo ni ugeni katika nchi yetu. Mama wa Kimakonde wa zamani alitobolewa mdomo wa juu angali msichana akavaa ndonya, na jirani zake walimwona amekamilika. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa kumcheka, na tulikosa adabu. Lakini ndonya ilivuliwa ikawekwa mezani. Kilichotiwa kwa sindano hakivuliwi.

Tamaa hii ya kuujaza mwili kwa sindano ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kutia chini ya ngozi mafuta mazito ya jamii ya parafini. Kazi yake ilisifiwa sana mwanzoni. Miaka ilipopita, mafuta yakahama mahali pake, yakafanya vinundu na vidonda. Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifika kwa uzuri Ulaya nzima, ambaye baadaye aliolewa na Duke wa Marlborough, alitiwa parafini puani angali kijana, nayo ikateremka hadi kidevuni. Baadaye ikaja silikoni ya majimaji, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani haijapata kuiruhusu kwa kunenepesha midomo wala makalio, na bado wapo waitiao watu kwa siri.

Kinachotumika zaidi leo, kile ambacho vijana wetu hukiita filla, ni ute wa asidi ya hayaluroniki. Miili yetu yenyewe hutengeneza kitu hicho katika ngozi na katika viungo. Karl Meyer na John Palmer walikigundua New York mwaka 1934 ndani ya jicho la ng'ombe. Marekani iliruhusu filla ya namna hii kwa mikunjo ya uso mwaka 2003, na kwa midomo mwaka 2011. Mwili huimaliza taratibu, ndiyo sababu mteja hurudi na kulipa tena. Wauzaji husema, “Ni kitu cha asili.” Ni kweli. Damu nayo ni kitu cha asili, lakini ikiganda ndani ya mshipa wa moyo huua.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Katika kila mdomo, wa juu na wa chini, hupita mshipa wa ateri uletao damu, tawi la mshipa mkubwa wa uso. Njia ya mishipa hiyo si moja kwa watu wote. Hata upande wa kushoto waweza kutofautiana na wa kulia kwa mtu yule yule. Sindano ikiingia ndani ya mshipa, ute huingia ukauziba kama kizibo katika chupa, au ukiwa mwingi nje yake huubana. Nyama iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hukosa damu. Mdomo hubadilika rangi, ukawa mweupe au wenye madoa kama ya wavu. Baadaye hufanya weusi, vipele vya usaha, kidonda, na mwisho kipande cha mdomo hufa. Tena mishipa ya uso imeungana na ile ya jicho, hata ikatokea, ingawa ni nadra, mtu akadungwa usoni akatoka kipofu. Hatari hiyo ni kubwa zaidi puani na katikati ya nyusi, lakini midomo haikusamehewa.

Vitabu vingi vya mambo haya viliandikwa kwa watu weupe, navyo husema, “Tazama ngozi ikibadilika.” Katika ngozi yetu mabadiliko hayo hujificha. Yafaa kufunua mdomo upande wa ndani na kutazama ufizi. Kubonyeza kwa kidole, kisha kuachia na kuhesabu. Damu yapasa kurudi upesi, kama sekunde mbili hivi. Ikikawia, ni hatari. Wala mtu asingoje maumivu, maana filla nyingi huchanganywa na dawa ya ganzi, na mdomo unaokufa waweza kukaa kimya kwa saa kadhaa.

Dawa ipo. Huitwa hayaluronidasi, nayo huyeyusha ute huo, lakini yataka itiwe mapema, kwa saa na si kwa siku. Haiyeyushi silikoni wala mafuta. Kwa hiyo mtu asiyejua alichotiwa hawezi kusaidiwa sawasawa hata na daktari bingwa.

Uvimbe na michubuko ya siku chache ni kawaida. Mwenye kutokwa malengelenge ya homa mdomoni aweza kuamshiwa ugonjwa huo na sindano. Wengine hupata usaha, au vinundu vigumu vinavyotokea baada ya miezi, na ngozi yetu yenye tabia ya kufanya kovu nene haihitaji kuchokozwa bure.

Kisha iko sindano yenyewe. Mwaka 2024 wakuu wa afya wa Marekani walieleza habari za wanawake walioambukizwa Virusi vya UKIMWI katika nyumba ya urembo isiyo na leseni huko New Mexico, ambako walidungwa damu yao wenyewe usoni ili wang'ae. Wapo pia wauzao kalamu isiyo na sindano, isukumayo filla kwa nguvu ya hewa, ati kila mtu ajitie nyumbani. Marekani ilionya juu yake Oktoba 2021. Mwaka huo huo Uingereza ilikataza kumtia filla za urembo mtoto wa chini ya miaka 18.

Sisi tumewahi kujaribu fimbo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969, kupiga marufuku nguo fupi, mawigi na dawa za kung'arisha ngozi. Akina dada wakashambuliwa na makundi ya watu Kariakoo, jambo la aibu kwetu. Mkorogo haukufa. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa wa figo waliolazwa hospitali, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu walipoziacha. Karatasi ile ya madaktari ilitufundisha zaidi kuliko fimbo zote za Kariakoo.

Basi dada anayetaka sindano hii, hatumpigi wala hatumtukani. Amwulize mdungaji kama jina lake limo katika orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Aombe kuona kisanduku cha filla kikiwa bado kimefungwa, asome jina, na aulize kama Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba yakitambua. Kisha aulize: hayaluronidasi iko wapi? Atakayejibu kwamba iko Dar es Salaam, dada na avae viatu vyake aondoke.

Na yule aliyekwisha kudungwa, ambaye usiku huu mdomo wake umepauka naye anaona haya kumwambia mama yake, asikande kwa barafu akingoja asubuhi. Bodaboda kutoka Pasua hadi Mawenzi haichukui nusu saa, na KCMC, yenye chuo cha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, iko juu kidogo tu. Achukue boksi la dawa, au japo picha yake katika simu ile ile, na aseme kweli ametiwa nini, na saa ngapi.